Mwaka Nilioweka Bambo Chini

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi tena katika dunia hii. Nilianza na baiskeli isiyo na breki, leo nina mashine mbili za kusaga na malori matatu, na ukishuka stendi ya Sumbawanga ukamtaja Deo wa mahindi, hata bodaboda aliyehamia jana atakuleta mpaka mlangoni kwangu bila kuuliza mara mbili. Nimeona mvua ya mawe ikimaliza shamba la ekari hamsini kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Darasa la saba lilinitosha, mengine nimesomeshwa na magunia. Kwa hiyo Jumamosi ile nilipokwenda kumzika Sista Priska nilikwenda kama ninavyokwenda misiba yote: koti zuri, magunia mawili ya mchele kwa ajili ya jikoni, na najua nitakaa benchi la ngapi. Nikakaa. Pembeni yangu akaja kukaa mzee mmoja mwenye mabasi, mtu ninayemfahamu miaka mingi, mgumu kama jiwe la kusagia, wapiga debe wake wanamwogopa kuliko wanavyomwogopa trafiki. Analia. Sisemi machozi ya adabu, alikuwa analia hasa, mabega yanatingishika. Nikampa leso. Akaniangalia, akaniangalia tena, halafu akanong'ona, "Deo. Na wewe?" Nikajifanya naangalia jeneza. "Alhamisi?" akauliza. Masikio yangu yakapata moto. Nikasema, "Alhamisi." Akashusha pumzi ndefu. "Mimi Jumanne."

Basi, nikashangaa. Miaka yote ile nilidhani katika mji huu mzima mwenye ugonjwa ule nilikuwa peke yangu, kumbe tulikuwa tunapishana kwenye kiti kilekile. Na mshereheshaji aliponiita niseme machache, maana hapa mjini hakuna shughuli inayokwisha mimi sijasema, nilisimama mbele ya umati, nikakohoa, nikasema marehemu alikuwa mteja wangu mzuri wa maharage. Nikarudi kukaa. Mzee wa mabasi hakunicheka, alinipigapiga goti tu. Lakini njia nzima kurudi nyumbani maneno yale ya maharage yalinikaba kama mwiba wa samaki, ndiyo maana naandika. Sitawachosha na habari za ukoo wala nilizaliwa wapi. Naanzia mtaa wa Kasense, hapahapa mjini, kwenye stoo tuliyopanga kwa Mama Oliva, mwaka ambao nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba na nilikuwa naelekea kuwa tajiri au kichaa, kimojawapo.

Stoo ile ilikuwa nyuma ya nyumba ya Mama Oliva, tofali za kuchoma, bati juu, na chumba changu cha kulala kimebanwa ubavuni mwake kwa ukuta mmoja. Mpaka leo nikinusa mahindi makavu na vumbi la magunia narudi pale. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba, mnaoijua Ufipa mnaijua, ilikuwa inapita chini ya mlango kama mwenye nyumba. Asubuhi Mama Oliva anaweka jiko la mkaa barazani, anasonga ugali wa ulezi, mweusi, unang'aa, na pembeni migebuka iliyokauka aliyoletewa kutoka ziwani, kaipika na nyanya na kitunguu mpaka mchuzi umeshika. Nimekula hoteli za Dar es Salaam zenye vitambaa mezani, sijapata kula chakula kama kile. Tulikuwa tunakula watatu: mimi, Mama Oliva, na Kalisti, mshirika wangu, ambaye tulichanga naye mtaji wa mahindi nusu kwa nusu. Mama Oliva alikuwa mjane wa makamo, mdomo wake hauna kufuli. "Kuleni haraka," anasema, "matajiri watarajiwa. Mkishatajirika mtanisahau, afadhali niwaseme sasa hivi." Kwenye kona ya stoo yetu alikuwa na magunia yake mawili ya ulezi, anayatunza kwa ajili ya pombe ya harusi ya binti yake, Oliva. Hayo msiyaguse, alituambia siku ya kwanza, na siku ya pili, na siku ya tatu.

Ugonjwa wangu uliingia kwa njia ndogo kabisa. Mahindi ya kukaa stoo tunayachanganya na dawa ya unga ili yasiliwe na dumuzi, kila mkulima anajua. Kwenye rafu ileile iliyokaa dawa ya mahindi, nilikuwa nimeweka pakiti moja ya sumu ya panya. Mwezi wa kwanza, vyakula vikiwa vimepungua, alikuja mama mmoja wa Ilemba, kule bondeni, akanunua magunia mawili. Wiki iliyofuata nikasikia sokoni kwamba mjukuu wake alikuwa anaharisha. Mtoto kuharisha mwezi wa kwanza ni habari gani? Lakini nilikuwa nimesimama na kikombe cha chai mkononi, na kichwani kukapita sauti, tena sauti yangu mwenyewe: Je, kama ulichanganya na ile nyingine? Nikaenda kwenye rafu. Pakiti ya sumu ipo, haijafunguliwa, gundi yake haijaguswa. Nikacheka. Nikarudi kwenye chai. Sauti ikasema: Na kama zilikuwa mbili?

Wenye akili zao watasema, si ungekumbuka tu kwamba ulinunua moja? Nilikumbuka. Nilikumbuka duka, nilikumbuka mpaka muuzaji alivyokuwa amevaa. Haikusaidia kitu. Siku ileile nilidandia gari la mizigo nikateremka mpaka Ilemba, nikamkuta mtoto anakimbiza kuku. Moyo ukatulia, nikarudi mlimani naimba. Kesho yake sauti: Uliyemwona ndiye yule mtoto, au mwingine? Nikashuka tena, na kilo mbili za sukari ili nisionekane mwendawazimu. Mara ya tatu nilipofika, wazee wa nyumba ile walinipokea kwa heshima zetu, wanapiga makofi taratibu, wameinama, nami nikainama nikapiga makofi. Wakanikalisha kwenye kiti chenye mgongo. Mzee akakohoa, akasema, "Kijana, sukari tumeiona. Binti naye amekuona. Sasa mshenga wako ni nani?" Bwana wewe! Nilitoka pale kwa kurudi kinyumenyume. Binti mwenyewe, shangazi yake yule mtoto, alikuwa amesimama mlangoni ameshika ungo, ananiangalia kwa huruma kama anayemwangalia mtu aliyepotea njia akiwa ndani ya nyumba.

Ilemba sikurudi tena, lakini ugonjwa haukubaki Ilemba. Ukahamia kwenye kila gunia. Sisi wa nafaka tuna kifaa kinaitwa bambo, bomba la chuma lenye ncha, unalichoma kwenye gunia, mahindi yanateremka kiganjani, unayaona ya ndani bila kufungua. Gunia moja linachomwa mara moja, mara mbili kama humwamini muuzaji. Mimi nilikuwa nachoma langu mwenyewe mara ishirini. Nanusa, naangalia rangi ya vumbi, namwaga, nachoma tena. Halafu nafumua mshono, nakung'uta lote chini, nalirudisha, nashona. Nikimaliza la kumi, sauti inaniuliza la kwanza lilikuwaje. Vidole vilikuwa na malengelenge ya shazia, ile sindano ya kushonea magunia. Na simu nayo, ndiyo kwanza tumeanza kuwa nazo: kila asubuhi nakwangua vocha, napigia wateja. "Habari za nyumbani? Wote mmeamka?" Wateja wakawa wananisifu, Deo anajali watu huyo! Sokoni wakaniita Deo Bambo, wakasema hakuna mwenye mahindi safi kama mimi. Sikilizeni maajabu hayo: jina langu la biashara, ninalojivunia hadi leo, lilijengwa na hofu. Huku nje nasifiwa, ndani sili. Ule ugali wa ulezi ulikuwa unapoa mbele yangu, maana mikono nimeiosha mara sita na bado nauona unga wa sumu kwenye kucha.

Ukuta wa chumba changu ulikuwa mwembamba. Siku moja baada ya chakula cha mchana nilikuwa nimejilaza, nikamsikia Kalisti barazani. "Mama, mimi nimechoka. Lori la watu linasubiri, yeye anafumua magunia. Mwezi uliopita tumekosa soko mara mbili." Mama Oliva akasema, "Amelogwa huyo. Kuna mtu hapendi anavyopanda." Kalisti akasema, "Alogwe, asilogwe, mavuno haya yakipita hivi nachukua nusu yangu naondoka." Niliyasikia yote nimeshika shuka. Watu wa mbali wakisikia Sumbawanga wanafikiria uchawi, wanatutania mpaka kwenye mabasi, na sisi wenyewe tukishindwa kueleza jambo tunalibandika hapohapo. Nilikwenda kwa mganga, siwezi kuficha. Alichukua mbuzi, akanichanja, akaniambia adui yangu ni mtu mfupi. Kwa wiki mbili niliwaogopa watu wafupi pamoja na magunia, halafu nikabaki na magunia.

Nilimpata Sista Priska kwa sababu ya maharage. Nilikuwa napeleka maharage kwenye jiko la hospitali moja ya pale mjini. Siku moja nilirudi mara tatu kumuuliza mpishi, mwanamke mnene mwenye kanga kiunoni, kama maharage yamepikwa na wagonjwa wanaendeleaje. Mara ya tatu aliweka mwiko chini. "Kaka, wagonjwa wanaumwa! Hii ni hospitali, ulitaka wafanye nini, wacheze mpira?" Wapishi wote wakaangua kicheko. Nyuma yangu ikasikika sauti ya mtu asiyecheka. "Umerudi kuuliza kwa sababu jibu la kwanza halikutosha?" Nikageuka. Sista mfupi (mganga alipatia hapo!), miwani mikubwa, sweta la bluu juu ya vazi lake, nesi wa wagonjwa wa akili. Nikasema, "Tumsifu Yesu Kristo." Akasema, "Milele, amina. Na la pili halikutosha vilevile." Sikuwa nimemwambia mtu yeyote pale hospitali. Nikajisikia kama gunia lililochomwa bambo mara moja tu, likamwaga yote.

Akanipangia siku ya Alhamisi, kwenye chumba chake cha kuongea na wagonjwa. Nilikuwa naona aibu kuonekana naingia chumba kile, kwa hiyo kila Alhamisi nilipitia mlango wa jikoni na kopo la sado la maharage mkononi, kama mtu wa biashara. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, vitanda vibovu vimeegemezwa ukutani, meza, viti viwili, dirisha linaloangalia bustani ya kabichi. Upande wa pili wa ukuta manesi walikuwa wanagombania zamu. Sista alikuwa ananimiminia chai ya maziwa kutoka kwenye chupa, na viazi vitamu vya kuchemsha kwenye sahani ya bati. Nilitegemea vidonge. Akasema vidonge vipo, na daktari akiona inafaa atanipa, lakini kuna tiba nyingine aliyotumwa kuisomea mbali, tiba ya kuzungumza na kufanya, na kazi kubwa itakuwa yangu. "Una akili," akaniambia. Nikasema hilo nalijua. Akacheka kwa mara ya kwanza.

"Ukishuka stendi, wapiga debe wanafanya nini?" aliniuliza. Nikasema wanapiga kelele, Mbeya, Mbeya, Mbeya. "Wewe unakwenda Mbeya?" Siendi. "Unabishana nao?" Sista, ukibishana nao ndio wanakushika mkono, ukiwaelezea unakokwenda wanakubebea begi. "Kwa hiyo?" Unapita tu. Akaegemea kiti. "Deo, wazo lako ni mpiga debe. Huwezi kumnyamazisha, ndiyo kazi yake. Wewe kila akiita unapanda basi, unakwenda mpaka Ilemba." Akanieleza kwamba mawazo mabaya yanampitia kila mtu, hata yeye kanisani, ila mimi nilikuwa nayahoji kama polisi, na kila nikikagua natulia kidogo, na ule utulivu ndio chakula cha ugonjwa. Nikitaka ufe, niache kuulisha. Nikaona maneno mepesi. Akanipa daftari, akaniambia nichore ngazi: chini kabisa jambo linalotisha kidogo, juu kabisa lile nisiloweza kulifikiria. Mwandiko wangu wa darasa la saba ulipanda ngazi ile kwa shida. Kwenye kipandio cha juu niliandika: Lori liondoke sijafungua hata moja.

Tulianzia chini. Nililetewa gunia moja palepale chumbani, nikachanganya dawa, nikashona, halafu tukakaa tunaliangalia. "Hofu ni ngapi kati ya kumi?" Kumi na mbili. "Hakuna kumi na mbili." Nikasema, "Sista, mimi mtu wa magunia, changu ni lumbesa." Alicheka mpaka akavua miwani, maana lumbesa ni lile gunia tunalolijaza hadi linaota kichwa. Lakini hakuniruhusu kulishika. Jasho, kwenye baridi ile. Anauliza tena: kumi. Tunakunywa chai. Anauliza tena: tisa. Manesi wa upande wa pili walikuwa wamemaliza zamu na kuanza habari za waume. Saba. Nilipofika nne sikuamini. Hakuna mtu aliyenihakikishia kitu, hakuna aliyesema mahindi ni salama. Hofu ilishuka yenyewe kama maji ya mvua barabarani, kwa kuachwa.

Nyumbani kazi alipewa Mama Oliva. Sista alimwita, akamwambia nikimuuliza kama nimenawa, au kama pakiti imefungwa, ajibu neno moja: sijui. Mama Oliva alilipenda neno lile kupita kiasi. "Mama, ile pakiti…" Sijui. "Mama, mikono yangu…" Sijui. "Mama, chakula tayari?" Sijui, baba, muulize Sista wako! Kalisti anacheka mpaka mchuzi unamtoka puani. Nikacheka na mimi, nikashangaa kwamba nimecheka. Siku moja niliona nimemaliza ugali wote na nimelamba kidole bila kukitazama. Mama Oliva aliona. Akaniongezea mgebuka mmoja mkubwa akajifanya anaangalia kuku.

Mavuno yakaja. Mzee Siwale wa Tunduma, mnunuzi mkubwa kuliko wote tuliowahi kupata, akataka magunia mia moja na ishirini, lori lije Ijumaa asubuhi, liondoke kabla ya mchana, likichelewa anachukua kwa mwingine. Kalisti hakusema tena kwamba ataondoka, alikuwa amefunga begi lake, nililiona juu ya kitanda chake. Alhamisi ile Sista aliniambia, "Hakuna dhamana, Deo. Sitakwambia mahindi ni mazima. Unaweza kukosea, kama watu wote. Utaweza kuishi bila kujua?" Nikasema sijui. Akasema, "Vizuri. Umejibu vizuri kuliko Alhamisi zote."

Ijumaa wapakiaji walianza kazi jua likiwa linapasha bati. Nilisimama mlangoni mwa stoo na bambo mkononi. Mpiga debe kichwani aliita siku ile kwa sauti ambayo sijaisikia tena: watakufa Tunduma, watakufa watoto, utafungwa, simama, choma moja tu, moja tu. Magunia yanapita puani pangu juu ya mabega, la kumi, la hamsini. Kalisti ananitazama kwa jicho la pembeni. Nikamwita Mama Oliva, nikampa bambo, nikamwambia, "Shika hili, hata nikikupigia magoti usinipe." Akalichomeka kiunoni kwenye kanga kama askari. Nikageukia ukuta, nikatazama kunguru juu ya bati. Lori lilipowaka nilikimbia hatua tatu nyuma yake, siwezi kusema uongo, halafu nikasimama katikati ya vumbi, nikakaa chini palepale barabarani, na Kalisti akaja akakaa pembeni yangu. Jioni lile begi halikuwa juu ya kitanda, na nguo zake zilikuwa zimerudi kwenye msumari.

Siku tatu hofu ilishuka na kupanda: kumi, nane, tisa, sita. Sikupiga simu. Siku ya nne, asubuhi, tuko barazani, simu ikalia yenyewe. Mzee Siwale. "Deo, kuna tatizo kwenye gunia lako moja." Ugali ulinianguka. Nilijua. Nikawaona wateja wake wote wamelala wamefunikwa shuka nyeupe. "Tatizo gani, mzee?" Akasema, "Hili si hindi, kijana. Ni ulezi. Na mke wangu ameshauloweka wa pombe, kwa hiyo usiniambie nirudishe."

Mama Oliva alikuwa amesikia. Aliinuka akaenda stoo, akarudi amejishika kiuno, na bambo bado lilikuwa humo kiunoni, alikuwa anatembea nalo kutwa. "Mwaka mzima!" akapiga kelele, majirani wakatoka. "Mwaka mzima unatoboa magunia kama mchwa, siku moja tu unayoacha, siku moja, unamuuzia Mnyamwanga wa Tunduma harusi ya mwanangu!" Kalisti alianguka kwenye mkeka kwa kucheka. Na mimi, nikiwa nimesimama pale na ugali miguuni, nilisikia kitu kimefunguka kifuani. Nilikuwa nimekosea. Kweli, si kwa mawazo. Kosa ambalo bambo moja tu lingeliona. Na jua lilikuwa palepale, kuku walikuwa wanadonoa ugali wangu, na aliyeumia ni harusi moja iliyopungukiwa pombe, tena kwa muda tu.

Nilikwenda sokoni siku hiyohiyo, nikanunua gunia la ulezi, nikalibeba mwenyewe mgongoni mpaka Kasense. Alhamisi nilipomsimulia, Sista Priska aliweka kikombe chini. "Siku za kwanza uliniambia ukikosea gharama yake ni roho za watu," akasema. "Sasa umekosea. Imekugharimu nini hasa? Andika." Nikafungua daftari, na juu kabisa ya ngazi ile, kwa mwandiko wangu mbaya, nikaandika: shilingi elfu arobaini na moja na mia tano.